Maharage ya Mbeya ndani ya sufuria ya umeme ya presha: tathmini baada ya miezi 14

Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa anayepika maharage jambo hilo lina gharama. Kadiri nchi inavyopanda, ndivyo hewa inavyopunguza uzito wake juu ya maji, na maji yasiyokandamizwa sana huchemka mapema: yale ya Dar es Salaam huchemka yakifika nyuzi joto 100, lakini ya kwetu huanza kutokota kwenye nyuzi 94 hivi na hayapandi tena hata ukilijaza jiko mkaa hadi juu, kwa kuwa joto la ziada huyakausha tu. Jirani yangu aliyehamia kutoka Temeke aliamini kwa muda mrefu kwamba wauza maharage wa soko la Mwanjelwa walikuwa wakimbambikia mzigo wa zamani. Mzigo ulikuwa mpya. Sufuria yake ndiyo haikuwa na joto la kutosha.

Hii ndiyo sababu iliyonifanya ninunue sufuria ya umeme ya presha, ile ambayo wengi huiita presha kuka, na ndiyo maana naona kwamba kifaa hiki kina manufaa makubwa zaidi kwa watu wa nyanda za juu kuliko kwa watu wa pwani ambao matangazo ya madukani huonekana kuwalenga. Yangu ni ya lita 6 na wati 1,000, na niliilipia shilingi 165,000. Sitaitaja chapa yake, kwa kuwa nilizozilinganisha dukani zilitofautiana kwa rangi, idadi ya vibonye na bei tu, huku bakuli la ndani, mpira wa mfuniko na kile kipini cha kutolea mvuke vikifanana kwa zote.

Utaratibu wake ni wa zamani kuliko umeme wenyewe, maana Mfaransa Denis Papin alitengeneza chungu cha kupikia kwa mvuke uliofungiwa mnamo mwaka 1679. Mfuniko ukifungwa, mvuke hukosa njia, mkandamizo ndani huongezeka, na maji huweza kupita nyuzi 110 bila kutokota. Kilichoongezwa na watengenezaji wa leo ni kifaa cha kupima joto na mkandamizo ambacho huuzima umeme pindi kiwango kinapofikiwa na kuuwasha tena kiwango kinaposhuka. Kwa hiyo, ingawa kibandiko cha chini kinaonyesha wati 1,000, sufuria hii haivuti wati hizo kwa muda wote wa kupika; huzivuta kwa robo saa ya mwanzo, kisha kwa vipindi vifupi vifupi ambavyo unaweza kuvitambua kwa mlio mdogo wa swichi iliyo ndani yake.

Hofu kubwa ya kila niliyemwonyesha ilikuwa LUKU, kwa hiyo nilipima. Usiku mmoja nilizima friji, taa na kila kitu kingine, nikaandika uniti zilizobaki kwenye mita, nikapika nusu kilo ya maharage makavu ya njano ambayo hayakulowekwa, kisha nikasoma mita upya. Zilikuwa zimetumika uniti 0.43. Nilirudia siku nyingine mbili nikapata 0.46 na 0.41. Kwa nyumba iliyo kwenye kundi la kawaida, ambapo uniti moja ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo na hufika kama 356 baada yake, hiyo ni takriban shilingi 150 kwa chungu kizima cha maharage, wakati hapo awali kopo la mkaa la shilingi 1,000 lilikuwa likiisha kabla maharage hayajalainika. Muda wote, tangu kuwasha hadi mvuke kujishusha wenyewe, ulikuwa kama saa moja na robo. Kwa mkaa nilikuwa nikitumia saa tatu, na katikati lazima nitoke nje kuchochea.

Lipo jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Wateja wadogo, walio kwenye kundi la D1, hulipa shilingi 100 kabla ya kodi kwa kila uniti katika uniti 75 za mwanzo wa mwezi, kisha 350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Anayetumia uniti 40 kwa mwezi anaweza kupika maharage kila siku akaongeza uniti 13 au 14 pasipo wasiwasi wowote, na chungu kimoja hakitamfikia hata shilingi 60. Lakini aliye tayari kwenye uniti 65 atauvuka mpaka huo, na huyo ni vyema akae na karatasi na kalamu kabla ya kwenda dukani.

Kuhusu mapishi yenyewe, maharage makavu na makande ndiyo uwanja wake, na hapo sina lawama hata moja. Makongoro niliyazoea kuyaacha jikoni tangu asubuhi hadi alasiri. Sasa huwa tayari kwa dakika 60 za mkandamizo, na mifupa huachana na nyama bila kugombana. Kuna masharti machache ambayo kijitabu kiliyaeleza kwa Kiingereza kibovu na ambayo niliyaelewa kwa kuharibu. Maharage huvimba na kutoa povu, kwa hiyo usivuke nusu ya bakuli, la sivyo povu litaziba tundu la mvuke. Maji hayapungui kwa kuwa mvuke haukimbii, kwa hiyo ukiweka maji kwa kipimo cha sufuria ya kawaida utapata mchuzi mwepesi kama maji ya kuoshea vyombo. Na kile kibonye cha maharage, kilichopangwa dakika 30, huenda kinawafaa watu wa mahali pengine. Kwa hapa mimi huongeza hadi 45. Vibonye vyote ni 12, vikiwemo vya keki na mtindi, na baada ya miezi 14 ninavitumia viwili.

Wali wa mchele wa Kyela hupikika vizuri na haraka, ila hautoi ukoko, na nyumbani kwetu ukoko una wateja wake. Ndizi za Tukuyu zinahitaji uangalifu, maana dakika 3 za ziada huzigeuza kuwa uji. Wali wa nazi ulinishinda mara mbili: tui zito hukaa chini, huungua, na mashine hujizima ikilia, hadi nilipoamua kutumia tui jepesi na kuongeza lile zito baada ya mfuniko kufunguliwa. Ugali usijaribu. Bakuli la ndani huzunguka mwiko unaposonga, na ule utando wa kuzuia kugandia utakwanguka ndani ya wiki. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba sufuria moja ya namna hii inatosha kumwondolea mtu mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 umekusudia asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034, nami naunga mkono lengo hilo, lakini katika nyumba inayokula ugali kila siku lazima pawepo na chombo cha pili, kwangu mimi ni jiko dogo la gesi.

Mama yangu, ambaye alikataa kuingia jikoni mara ya kwanza alipousikia mvuke ukifoka, alionja maharage yale akasema, "Mwanangu, haya yameiva, lakini hayajapikwa." Nilijibu, "Mama, nitayaunga," na kwa kweli alikuwa sahihi. Maharage yaliyokaa saa tatu juu ya moto mdogo huwa mchuzi wake umejifunga na umepata harufu ambayo umeme hauwezi kuileta. Sasa, yakishaiva, huyamimina kwenye sufuria ya kawaida yenye vitunguu na nyanya zilizokaangwa juu ya gesi, huponda mwiko mmoja wa maharage na kuurudisha humo, kisha huacha dakika 10 bila mfuniko. Tangu hapo hajasema tena maneno yale, ingawa hajayasifu pia.

Usalama wake unaridhisha kuliko ule wa sufuria za presha za kuweka juu ya moto. Kipini kidogo cha kati hupanda mvuke unapojaa na kuufunga mfuniko usifunguke, na hakishuki mpaka mkandamizo uishe. Hatari halisi niliyoiona ilikuwa ukutani: waya wa bei rahisi wa kuunganishia umeme uliyeyuka kwenye soketi yake wiki ya pili, kwa kuwa nilikuwa nimechomeka humo sufuria hii pamoja na pasi. Sasa naichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukuta.

Umeme ukikatika, sufuria yangu husahau kila kitu. Joto lililomo huendelea kupika kwa muda, na mara mbili umeme ulikatika dakika ya 35 nikakuta maharage yameiva hata hivyo. Ukikatika dakika ya 10, huna budi kungoja urudi uanze kuhesabu upya. Zipo zinazokumbuka zilipoishia, na kama ningenunua leo ningeulizia hilo kwanza, badala ya kuhesabu vibonye.

La pili ningeulizia mpira wa mfuniko. Mwezi wa tisa wangu ulianza kulegea, mvuke ukawa unavuja pembeni, na chungu cha maharage kikawa kinachukua saa mbili. Duka lililoniuzia halikuwa na mpira wa akiba, wala halikujua ungepatikana wapi. Nilizunguka siku tatu hadi nilipompata fundi mmoja wa vyombo vya umeme aliyekuwa nao kwa shilingi 8,000. Nilinunua miwili. Mmoja ni wa makongoro, kwa sababu mpira hunyonya harufu na kuitoa kwenye wali kesho yake, na mwingine ni wa vyakula vingine vyote.