Rilei za taa kubwa kwenye Hilux: nilichoona barabara ya Mtwara–Masasi

Seti niliyofunga ni ya taa za H4, zile zenye globu moja ya dimu (mwanga wa chini) na fulu (mwanga wa juu): rilei mbili (swichi zinazojiwasha kwa umeme mdogo wa swichi ya taa), fyuzi moja, soketi mbili za kauri na waya unaotoka betri moja kwa moja. Globu nimeacha halojeni za kawaida, 60/55W. Kwa kifupi, nimeridhika nayo, ila ukiifunga kichwa mchunga utaichukia.

Kwanza pima. Injini ikinguruma na taa zikiwaka, betri ilisoma volti 14.1, nyuma ya globu 12.1. Volti 2 zinaishia kwenye swichi, waya mwembamba na viungio vilivyoliwa na chumvi. Gari linalala Shangani, Mtwara mjini, hatua chache kutoka baharini. Na halojeni ni dhaifu kwa jambo hili: volti zikipungua asilimia 10, mwanga unapungua karibu asilimia 30. Baada ya rilei, globu zile zile zinapata 13.7.

Wengi wanakwama hapa: Toyota nyingi swichi ya taa inakata upande wa hasi, si chanya. Chomoa soketi, washa dimu, pima pini ya pamoja (inayotumiwa na dimu na fulu) dhidi ya bodi. Ikisoma volti 12, tafuta seti ya kuwashwa kwa hasi. Seti ya kawaida inayofunga pini hiyo kwenye bodi itaunguza fyuzi papo hapo, na fundi atakwambia rilei ni mbovu.

Kutega taa ndiko kunakoleta tofauti kubwa zaidi, na hakuna gharama. Jaza upepo, simamisha gari mita 10 kutoka ukutani penye usawa (ukuta wa ghala unatosha), mtu akae kwenye usukani, kitufe cha kushusha taa kiwe 0. Pima kimo cha katikati ya taa. Yangu ni sentimita 90, nikapiga mstari wa chaki kwenye 78. Ukingo wa juu wa dimu ukae kwenye mstari huo: upande wa kulia umelala, wa kushoto unapanda, na kona yao iwe mbele ya taa husika. Ukiona unapanda kulia, hiyo ni taa ya nchi wanakoendesha kulia, mfano gari lililotoka Dubai. Badilisha taa yenyewe, skrubu haitasaidia. Tega moja moja, nyingine ichomolewe soketi. Usiifunike kwa nguo, kioo cha plastiki kinapata moto.

Msimu wa korosho hesabu inabadilika. Kati ya tairi za mbele na za nyuma ni karibu mita 3, hivyo mkia ukishuka sentimita 6 kwa magunia, mwanga unapanda sentimita 20 pale ukutani. Dimu inakuwa fulu machoni pa anayekuja kutoka Ndanda. Zungusha kile kitufe kabla ya kuondoka ghalani. Kama gari halina, shusha skrubu.

LED za H4 nilizijaribu kwanza. Zinawaka kweupe kwelikweli, lakini ukutani ukingo ulikuwa umevurugika, mwanga umetapakaa juu ya mstari, kwa sababu vijitaa vyake havikukaa pale uzi wa halojeni unapokaa. Feni zake nazo zilijaa vumbi. Globu za 100/90W sizitaki, zinachosha plastiki ya taa bure.

Kasoro za seti yenyewe: fyuzi ilikuja ya ampea 30, nikaweka 20, maana fulu zote mbili zinavuta ampea 10 hadi 12 tu. Waya wa hasi ulikuwa mfupi na mwembamba, ganda nene shaba kiduchu, nikauweka mwingine wa milimita za mraba 2.5. Baada ya masika boliti ya hasi upande wa kulia ilishika kutu na taa hiyo ikawa ya njano. Msasa kidogo, grisi, ikarudi 13.6.