Uzoefu wangu: miaka miwili na chaneli ya YouTube ya kufunga flai na kuvua trauti, nikiwa Mbeya

Mi nipo Uyole hapa Mbeya, mchana ni fundi simu, jioni nafunga flai. Chaneli yangu ya YouTube imetimiza miaka miwili mwezi huu, ina sabuskraiba 1,640, na naandika haya kwa sababu nimeulizwa mara nyingi mno kama inalipa na kama inafaa kwa mtu wa huku ambaye haongelei mpira wala umbea. Jibu langu ni kwamba inafaa, ila siyo kwa namna wengi mnavyofikiria, na kuna hela nilipoteza njiani ambayo we usiipoteze.

Kwa asiyejua, flai ni chambo bandia. Unachukua ndoana ndogo unaizungushia uzi na manyoya mpaka ifanane na mdudu wa majini, samaki anaona msosi anadaka. Kwa kuwa flai haina uzito wa maana huwezi kuirusha kama unavyorusha ndoana yenye minyoo na jiwe, uzito upo kwenye mshipi wenyewe ambao ni mnene, ndo unaochapwa hewani unabeba flai kwenda nayo. Nilijifunza Mufindi kipindi nafanya kazi kwa wageni waliokuwa wanakuja kuvua kwenye mabwawa ya kule, nikawa nawabebea vitu, usiku naangalia wanavyofunga, mmoja alivyoondoka akaniachia boksi la ndoana na rodi ya zamani. Trauti siyo samaki wa asili ya huku, waliletwa enzi za ukoloni, wakashika kwa sababu wanataka maji ya baridi yanayokimbia na nyanda za juu zinayo.

Sasa chaneli. Miezi saba ya kwanza nilikuwa naiga wazungu. Kichwa cha habari kiingereza, naongea kiingereza cha kuungaunga, video dakika ishirini, naanza na salamu, alafu naonesha uzi, naonesha mkasi, naelezea ndoana namba ngapi. Nilipata sabuskraiba 61 na karibu nusu ni ndugu zangu. Kilichonifungua macho ni ile YouTube Studio, na hapa naisifia kabisa, kwa kitu cha bure ile grafu inayoonesha watu wanaondoka sekunde gani ina thamani kuliko ushauri wa mtu yeyote. Video yangu ya nne, zaidi ya nusu ya watu walikuwa wameshaondoka kabla ya sekunde ya 30, yaani mi bado nasalimia wao wameshaenda zao! Nikawa nafungua grafu moja moja usiku, na kila mahali mstari uliponyanyuka ni pale nilipokuwa nimesogeza simu karibu na vidole, na kila nilipokaa naongea uso kwa uso ulikuwa unashuka.

Kwaiyo nikabadilisha. Nilipanda Rungwe kwenye kijito kimoja cha juu, maji yake yanaenda kuingia Kiwira, ule mto wa Daraja la Mungu. Nikaingia majini mwezi wa sita, yale maji mwezi wa sita yanauma mpaka mfupa, nikanyanyua jiwe nikaligeuza mbele ya simu. Chini ya jiwe kulikuwa na mdudu mdogo wa kahawia kama punje ya mchele, bapa, ana mikia mitatu membamba, anatambaa kukimbia mwanga. Nikamweka kwenye kifuniko cheupe cha ndoo nikamrekodi karibu, dakika nzima sisemi kitu, alafu nikasema kwa kiswahili tu, huyu ndo tunamfunga leo. Pembeni kulikuwa na mzee anachunga ng'ombe, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba akauliza, "Mwanangu, unatafuta dhahabu humo?" Nikamwonesha mdudu na flai niliyofunga jana yake, akaishika kwenye kiganja akaigeuza geuza, akasema hizi anazijua, utotoni alikuwa anambebea mzungu mmoja kapu la samaki na yule mzungu alikuwa anazichomeka kwenye kofia. Nilimwomba ruhusa nikaiacha sauti yake kwenye video. Hiyo video mpaka leo ina viyuzi 31,000, yaani imetazamwa mara 31,000, na ndo iliyobeba chaneli.

Iliyofuata ikawa ya kufunga mdudu yuleyule. Kuna flai inaitwa Pheasant Tail, aliibuni Frank Sawyer, muangalizi wa mto Avon kule Uingereza, na uzuri wake ni kwamba yeye hakutumia uzi kabisa, alitumia waya mwembamba wa shaba na nyuzi za manyoya ya mkia wa ndege basi. Mi waya wa shaba ninao kilo nzima, natoa kwenye mota na spika mbovu hapa hapa mezani. Huyo ndege wa kwao huku hayupo, natumia unyoya wa mkia wa bata mzinga wa kahawia. Unazungusha waya kwenye ndoana namba 14 (namba ikiwa kubwa ndoana ni ndogo), mbele unajaza kidogo ipate nundu, unashika nyuzi nne za unyoya, ncha zinabaki nyuma kama mkia, alafu unasokota unyoya na waya pamoja unapanda navyo mpaka karibu na jicho la ndoana, zinazobaki unazikunja kwenda na kurudi juu ya ile nundu. Wakati wa kusokota ukivuta sana unyoya unakatika, ukilegeza waya unateleza, pale ndo pana ufundi na pale ndo nilipoacha kamera itulie. Watu walirudia hiyo sehemu, grafu ilipanda kama mlima, nikajua sasa nimeshaelewa wanachotaka.

Vifaa, nitasema haraka. Nilianza na vaisgripu nimeibana kwenye meza na ilitosha miezi mitano, vaisi ya kweli, kile kifaa cha kushikilia ndoana unapofunga, nilikuja kununua baadae. Taa ni ileile yenye lenzi ninayotengenezea simu. Rangi ya kucha isiyo na rangi inakausha fundo la kumalizia vizuri tu. Manyoya ya shingo ya jogoo nachukua Mwanjelwa kwa wauza kuku, manyoya ya kanga mwenye madoadoa nayo mazuri sana kwa miguu ya mdudu. Kitu kilichonisumbua ni fokasi, simu ilikuwa inahangaika kati ya kidole na ndoana, dawa ni kubonyeza kidole kwenye kioo mpaka fokasi ijifunge, na nyuma ya ndoana unaweka kipande cha manila ya bluu iliyopauka, ndoana inaonekana mpaka nyuzi zake. Mvua nayo, bati la Mbeya kuanzia mwezi wa kumi na moja huwezi kurekodi sauti, we funga flai tu video utaongezea maneno usiku.

Sasa ile hela. Nilivyofika sabuskraiba 300 nikapata haraka. Kuna jamaa, simtaji, alikuwa anauza sabuskraiba kwenye grupu la WhatsApp, 500 kwa elfu thelathini, anakutumia na picha za chaneli alizokuza. Nikalipa. Ndani ya siku mbili namba ikaruka nikafurahi, alafu video mpya nikaitoa na viyuzi vikawa vichache kuliko zamani, kwa sababu wale siyo watu, hawaangalii, na mfumo unapendekeza video kwa kuangalia watu wanavyoipokea. Baada ya wiki tatu wakaanza kufutwa, mara 40 mara 90, na jamaa namba yake haipatikani. Kununua sabuskraiba ni kinyume na sheria za YouTube wazi wazi, chaneli inaweza kufungwa kabisa, na mi nilikuwa nahatarisha video ya yule mzee kwa elfu thelathini. Inaniuma mpaka leo.

Kuhusu kulipwa, hesabu ziko hivi. Ili uwekewe matangazo na upate mgao unatakiwa sabuskraiba 1,000 na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya miezi 12, au njia ya pili video fupi zifike viyuzi milioni 10 ndani ya siku 90, ambayo kwa flai sahau. Masaa 4,000 ni dakika 240,000, kama mtu kwa wastani anakaa dakika nne basi unahitaji viyuzi 60,000 kwa mwaka. Na viyuzi vya kwenye mlolongo wa video fupi havihesabiwi kwenye yale masaa 4,000, hili wengi hawalijui wanapoteza nguvu. Mi nilivuka mwezi wa 17. Kwenye video ndefu unapata asilimia 55 ya hela ya matangazo.

Alafu kuna makaratasi. Ukifikisha dola 10 wanakutumia PIN, namba ya kuthibitisha anwani yako, kwa barua, barua ya kweli ya posta. Mara ya kwanza niliandika mtaa na nyumba yangu, haikuja. Nikaomba nyingine nikaweka S.L.P. ya kazini kwa dada yangu, ikafika baada ya wiki tano. Kwaiyo andika sanduku la posta la mtu unayemuamini. Jaza na fomu ya kodi ya Marekani mapema, usipojaza wanaweza kukata asilimia 24 ya mapato yako yote, ukijaza wanakata asilimia 30 lakini kwenye hela iliyotokana na watazamaji wa Marekani tu, na kwangu hao ni wachache. Hela inatoka ukifikisha dola 100. Na muziki, video moja niliweka wimbo wa bongofleva chini chini nikidhani hautasikika, ukatambuliwa siku ileile na mapato ya video yakaenda kwa mwenye wimbo, ni haki yake. Siku hizi naweka sauti ya mto.

Nina dola 71 mpaka leo. Bado sijatoa hata shilingi. Lakini flai zenyewe nauza elfu tatu moja, na wateja wote wamenipata kwenye chaneli, wa Mufindi, wa Arusha, na wengi kuliko wote ni Wakenya, wa Nyeri na Kericho, wenzetu wana trauti tangu 1905 na wanavua hasa. Mwezi uliopita nilifunga flai 84 za oda. Hapo ndo pana hela yangu, matangazo ni nyongeza.

Komenti ndo kitu ninachokipenda kuliko vyote na ndo zinazonichosha pia. Kila nikimrudisha samaki majini kunawaka moto, "kaka samaki mzima unamwachia, nyumbani hawali?" Najibu wote. Mi nachukua wawili wa kula, wadogo narudisha, ndoana zangu nimeshabana ule mwiba wake kwa plaizi ili itoke bila kumchana, na mkono naulowesha kwanza kabla ya kumshika maana ule ute wa ngozi ndo kinga yake. Vile vijito ni vyembamba, watu watano wakichukua kila wanachokamata msimu mmoja tu utakuwa unavua mawe. Kuna dogo mmoja wa Tukuyu alinibishia sana kwenye hiyo video, siku hizi ananitumia picha za samaki anaowaachia, ananiita anko.

Kwa nyota naipa nne kati ya tano. Nyota moja naitoa kwa sababu ya muda, miezi 17 kabla ya kuona senti ni mirefu kwa mtu mwenye watoto na kodi ya fremu, na bando la kupandisha video linakula, mi napandisha saa nane usiku kwa ubora wa 1080 siyo zaidi. Mwenye ufundi wowote wa mikono, kusuka ukili, kutengeneza cherehani, kuchonga, nadhani ataiweza, ila aanze na mikono karibu na aongee lugha yake.

Wanaouliza flai gani kwa huku, kiangazi maji yakiwa meupe tumia hiyo ya shaba namba 14 au 16, mvua zikianza maji yakawa ya chai weka flai inayoitwa Woolly Bugger, nyeusi namba 8, mkia wa manyoya laini, ivute taratibu kwa kushtua shtua. Video yake naitoa Ijumaa, jogoo mweusi nimeshampata.