Miche ya Kusitiri Ua: Mdimu Kwanza, na Ipi Ifuate

Mwenye nyumba anayetaka kujisitiri na macho ya barabarani bila kuongeza tofali hata moja ana miti mingi ya kuchagua, lakini katika vitalu vingi vya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa huuziwa ule uliojaa kitaluni siku hiyo, wala si ule unaofaa mahali pake. Mpangilio ufuatao umezingatia mambo matatu: kama mti hufunga tangu chini au huacha miguu wazi, kama huvumilia mkasi kwa miaka mingi, na kama humpa mwenyewe faida nyingine zaidi ya sitara. Bei ya mche nimeiweka nyuma kwa makusudi, kwa sababu katika hesabu yote mche ni gharama ndogo. Maji ya kiangazi cha kwanza na ujira wa anayepogoa ndivyo vinavyokula fedha.

Kwa anayeishi pwani au katika nyanda za chini zenye joto, nafasi ya kwanza naipa mdimu. Ni mti mfupi, ambao hata ukiachwa bila kupogolewa ni nadra kupita mita 5, na matawi yake huanzia chini, husukana, na kubeba miiba mifupi mikali inayomfanya mbuzi, na mwizi pia, afikirie mara mbili. Majani hubaki mabichi mwaka mzima, maua meupe hunukia hadi barazani, na ndimu za kachumbari na samaki hazinunuliwi tena sokoni. Miche ipandwe kwa nafasi ya mita 1 hadi 1.5 kwenye udongo usiotuamisha maji na palipo na jua la kutosha. Kivulini mdimu hurefuka ukitafuta mwanga, na chini huwa uwazi. Mche ukifikia nusu mita, ukatwe ncha ili utoe matawi ya pembeni mapema, kwani ua uliokosa matawi ya chini tangu utotoni ni vigumu sana kuurekebisha baadaye.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba mdimu huchanua kwenye machipukizi mapya, na kwa hiyo anayeupogoa kila mwezi ili unyooke kama ukuta atapata ua maridadi usio na ndimu. Mimi ningekata kwa ukali upande wa barabarani, ambako matunda yatachumwa na wapita njia hata hivyo, na kuulegezea mkasi upande wa ndani.

Kitaluni mnunuzi ataulizwa kama anataka mche wa mbegu au uliobebeshwa. Mbegu moja ya ndimu mara nyingi hutoa mche zaidi ya mmoja, na mingi kati ya hiyo hufanana na mti mama, kwa hiyo kwa kazi ya ua mche wa mbegu unatosha, ni wa bei nafuu, na miiba yake ni mingi zaidi. Mche uliobebeshwa juu ya shina la limau kali huzaa mapema, lakini chini ya kiungo huchipua matawi ya limau yanayopaswa kuondolewa kila yanapotokea, na ndani ya ua uliosongamana ni nani atakayeyaona? Ndimu kubwa zisizo na mbegu nazo hutoka kwenye mti wenye miiba michache. Huo unafaa kupandwa kama pambo mbele ya baraza, wala si mpakani.

Kabla ya kulipa, geuza majani machache. Mabaka ya njano yasiyolingana pande mbili za mshipa wa kati huashiria ugonjwa wa bakteria wa jamii ya michungwa, ambao hauna tiba na huenezwa na mdudu mdogo sana anayefyonza utomvu, na pia na vikonyo vya kubebeshea vilivyochukuliwa kwenye miti migonjwa. Mche wa namna hiyo uachwe, na kwa kweli miche yote ya jirani yake iachwe pia. Kwa upande wa Kenya, ni salama zaidi kununua kwenye kitalu kinachokaguliwa na KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea. Viwavi, kwa upande mwingine, visikutishe sana: kiwavi mchanga wa kipepeo wa michungwa hufanana kabisa na kinyesi cha ndege juu ya jani, na ukimgusa hutoa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Kwenye ua wa kawaida huokotwa kwa mkono na kazi ikaisha.

Nafasi ya pili ni ya mwashoki, mti mwembamba wenye asili ya India na Sri Lanka ambao majani yake yenye kingo za mawimbi huning'inia kuelekea chini. Huu hauzibi njia ya mbuzi, lakini penye ukuta tayari na jirani aliyejenga ghorofa, hakuna unaoushinda: hupanda zaidi ya mita 10 bila kutanuka, na ukipandwa kwa nafasi ya mita 1.5 huziba madirisha ya juu bila kula uwanja. Ubaya wake ni kwamba hukua polepole katika miaka ya mwanzo, na popo hupenda matunda yake, jambo ambalo mwenye gari jeupe ataligundua asubuhi.

Wa tatu ni mvinje, kwa viwanja vya mchanga vilivyo karibu na bahari ambako upepo wa chumvi huunguza kila kitu. Mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaoiwezesha kutumia naitrojeni ya hewani, na ndiyo maana mtaalamu wa kilimo René Haller aliupanda kuanzia mwaka 1971 katika machimbo makavu ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, karibu na Mombasa, ambako leo kuna msitu. Ukikatwa mapema na mara kwa mara hufunga kama ua. Ukisahauliwa kwa misimu michache huwa mti mrefu wa nguzo za kujengea, na sitara ya chini hupotea.

Kwa wakazi wa Arusha, Nairobi, Nakuru na nyanda nyingine za juu mpangilio hubadilika, na wa kwanza huwa ule mchongoma wenye asili ya kusini mwa Afrika ambao Wakenya wengi huuita kayaba. Miiba yake hufikia sentimita kadhaa, huvumilia ukame, na ukipandwa kwa nafasi ya nusu mita hadi mita 1 hufunga hata kuku asipite. Usipandwe kando ya njia ya watoto.

Bogenvilia ni ya waya na ukuta, ina rangi kuliko mingine yote, na huchanua vizuri zaidi ikinyimwa maji kidogo. Sina la kuongeza.

Saipresi nimeiweka mwisho ingawa ndiyo inayouzwa sana nyanda za juu. Mwanzoni hupendeza, lakini ukitenganisha matawi utakuta ndani ni kahawia tupu, na sehemu hiyo ikikatwa haichipui tena. Isitoshe, vidukari wa saipresi, walioonekana Malawi mwaka 1986 na kufika Kenya mwaka 1990, waliua nyua nyingi, zikabaki zimekauka kwa mabaka yasiyozibika.

Mnyaa hupatikana kwa vipandikizi vya bure, lakini utomvu wake ukiingia jichoni huleta madhara makubwa, na nyumba yenye watoto haiuhitaji. Mathenge, mti wa miiba unaojieneza na kuvamia ardhi, usipokee hata ukipewa zawadi.

Siku ya kununua, mwombe muuzaji akuinulie kiriba: mizizi iliyokwisha kutoboa chini na kuingia ardhini itakatika mche ukibebwa, na iliyojizungusha ndani itaendelea kujizungusha hata shambani. Mche wa urefu wa goti wenye shina nene ni bora kuliko mrefu uliokonda. Panda masika yanapoanza, kwa samadi iliyoiva, mbali na shimo la maji taka, na kwa kila miche 10 nunua mmoja wa ziada uutunze kwenye kiriba kikubwa kivulini, ili ule utakaokufa mstarini upate wa kuuziba wenye umri uleule.