Kidude cha kusoma misimbo ya hitilafu ya OBD2 (mfumo wa gari kujipima lenyewe): nyota nne
Gari langu la zamani lilikuwa linakunywa mafuta na kutoa moshi mweusi, taa ya injini haizimi. Fundi alishaanza kuilaumu sensa ya oksijeni. Nikachomeka kidude hiki chini ya usukani: P0118, yaani hitilafu kwenye sensa ya joto la maji ya injini. Kwenye simu, joto la maji ya injini linasomeka nyuzi -40, na boneti yenyewe haishikiki kwa moto! Kumbe kompyuta ya gari inadhani injini ni baridi, ndiyo maana inamwaga mafuta mengi. Hapo ni waya umekatika au sensa imekufa. Kuchomoa soketi, pini imeota kutu ya kijani. Nikaisugua, namba ikaruka hadi 88.

Nyota moja nimeikata kwa sababu bluetooth inakatika-katika. Na gari la kabla ya OBD2? Usihangaike nacho.