Gundi ipi ununue ubao wa benchi la nje ukipasuka

Benchi au meza inayokaa uani hupasuka kuanzia kichwani mwa ubao, maana hapo mti hupoteza maji haraka kuliko ubavuni. Ukiomba "gundi ya mbao" dukani, mara nyingi utapewa ile nyeupe ya kawaida. Inafaa kabati la chumbani. Nje hulainika mvua zikianza, na ufa unarudi palepale.

Kabla ya kutoa hela, ubane ufa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli uliovutwa kwa nguvu. Ukifumba wote, gundi zote tatu za hapa chini zinakufaa. Usipofumba, nunua ya kwanza. Pima pia ujazo: ufa wa urefu wa sentimita 30, kina 3 na upana milimita 2 unameza mililita 18, na nyingine humwagika. Ndiyo maana vile vitubu viwili vidogo vya epoksi huishia njiani.

1. Epoksi inayokauka polepole

Hii ndiyo chaguo letu kwa samani za nje. Hujaza nafasi bila kusinyaa, haihitaji kubanwa kwa nguvu, na maji hayaisumbui. Chukua ya kushika kwa saa kadhaa, iliyoandikwa saa 24 kukauka. Ile ya dakika tano hupendwa kwa haraka yake, lakini hustahimili unyevu vibaya zaidi na hushika kabla haijazama ndani ya ufa.

Epoksi huja sehemu mbili, gundi na kigumishi chake; fuata kipimo cha kuzichanganya kilicho kwenye kifurushi kikamilifu, kiwe 1:1 au 2:1. Kuongeza kigumishi hakuharakishi chochote; kunaacha gundi laini isiyokauka kamwe. Changanya kidogo kidogo, kisha imwage kwenye sahani bapa, kwa sababu ikirundikana kikombeni hujipasha moto na kuganda mkononi mwako.

Safisha ufa kwa msasa uliokunjwa, upulize vumbi, kisha uupanue kidogo kwa kabari nyembamba. Ziba upande wa chini na kichwa cha ubao kwa selotepu, la sivyo gundi yote itaishia sakafuni. Tanguliza epoksi nyepesi kwa bomba la sindano lisilo na sindano ili mbao zinywe, halafu fuatishia nyingine iliyokorogwa na unga laini wa msasa wa mti uleule hadi iwe nzito kama siagi ya karanga. Toa kabari, weka nailoni juu, bana kwa kiasi tu. Ukikaza sana unaikamua yote nje.

Mtiki una mafuta yake. Ufute kwa asetoni, subiri ikauke, na upake gundi muda huohuo. Ukiuacha mpaka kesho mafuta yamesharudi juu.

2. Gundi ya poliyurethani

Ni nzuri kwa ufa safi unaofumba. Hukaushwa na unyevu, hivyo lowesha kidogo upande mmoja kwa kitambaa, paka gundi upande wa pili, kisha bana kwa nguvu kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Itatoa povu. Usidanganyike kwamba povu limejaza pengo, kwani halina nguvu yoyote. Likate kwa patasi likikauka. Vaa glavu. Nunua chupa ndogo: ikishafunguliwa, hewa ya pwani huigandisha chupani.

3. Gundi ya maji ya daraja D4

Rahisi kutumia na huoshwa kwa maji kabla haijakauka. Tafuta alama D4 kwenye chupa, yaani daraja la gundi kustahimili maji. D3 ni kwa samani za barazani zisizonyeshewa. Hata D4 inataka rangi au vanishi juu yake. Haijazi nafasi, na ukiizimua kwa maji ili iingie vizuri umeiua.

Supagluu ni ya ufa mwembamba kama unywele au kibanzi kilichobanduka. Kwenye ubao unaokaliwa hukatika. Silikoni na puti hazishiki ubao, huficha ufa tu.

Gundi yoyote itashindwa kama chanzo kimebaki. Ubao wa meza uliokazwa pande zote kwenye fremu hauna pa kutanukia, kwa hiyo utapasuka pembeni mwa ulipougundisha. Refusha tundu la skrubu ya milimita 5 lifike 10, kukatiza nyuzi za mti, na uweke washa (kipete bapa cha chuma) chini ya kichwa cha skrubu. Kama msumari ndio uliopasua, ung'oe, toboa kwa keekee ya milimita 3.5 na utie skrubu ya chuma kisichoshika kutu. Ziba vichwa vya mbao na nyayo za miguu kwa epoksi iliyobaki, na ikishakauka ifunike kwa vanishi ya nje yenye kinga ya jua, kwa sababu epoksi iliyoachwa wazi juani hugeuka njano na kupauka kuwa chaki.