pg_stat_statements: kipimo ninachokifungua kwanza seva ya hifadhidata inapolemewa

Seva ya PostgreSQL, programu ya hifadhidata, isiyo na pg_stat_statements, kiendelezi cha kuhesabu kazi ya kila kwiri (ombi linalotumwa kwa hifadhidata), sipendi hata kuipokea. Nikikabidhiwa moja, ombi langu la kwanza kwa wenye nayo ni waniruhusu kuizima na kuiwasha saa ambazo watumiaji ni wachache. Kiendelezi hiki lazima kitajwe kwenye shared_preload_libraries, na mpangilio huo hausomwi mpaka seva iwashwe upya. Hakuna njia ya mkato. Siku mfumo umekwama na kila mtu anakupigia simu ndiyo siku mbaya kuliko zote ya kugundua kwamba hakimo.

Bei yake ni bure. Kinakuja na PostgreSQL yenyewe katika furushi la nyongeza liitwalo contrib. Seva ikishawaka unaandika CREATE EXTENSION pg_stat_statements na kazi imekwisha.

Kinachofanya ni kuhesabu tu. Kila kwiri inayomaliza kutekelezwa, kinaondoa thamani zilizomo na kuweka $1, $2 mahali pake, kisha kinajumlisha: imeitwa mara ngapi, imekula muda gani kwa jumla, wastani wake, mistari mingapi imerudishwa, bloku (vipande vya data) ngapi zilikutwa tayari kwenye kache ya PostgreSQL na ngapi hazikuwamo. Kilianza na toleo 8.4 mwaka 2009, lakini huku kuondoa thamani kulikuja na 9.2 mwaka 2012, na kwangu mimi hapo ndipo kilipokuwa chombo cha kutegemewa. Kabla ya hapo, kwiri ya kumtafuta mteja namba 7 na ya kumtafuta mteja namba 8 zilihesabiwa mbalimbali, orodha ikajaa takataka.

Sifa yake kubwa inaonekana ukipanga orodha kwa total_exec_time, yaani muda wa jumla. Wengi wetu tumezoea kuwasha log_min_duration_statement, mpangilio unaoandika kwenye logi kwiri zilizozidi muda fulani, na kuwinda kwiri zinazochukua sekunde nyingi. Ni uwindaji halali, ila mara nyingi unamkamata asiyehusika. Nitatoa mfano mmoja niliousimamia mwenyewe, kwa sababu ndio uliofanya nikiamini chombo hiki kabisa.

Wastani wa mzigo kwenye seva ulikuwa umepanda kuliko idadi ya prosesa, na programu ilikuwa inajivuta kwa watumiaji wote. Logi ya kwiri za polepole ilikuwa imejaa ripoti moja ya mauzo, kubwa, yenye kuunganisha majedwali mengi. Ripoti ikabeba lawama zote, na wasanidi wakaanza kuzungumzia kununua mashine kubwa zaidi. Nikaomba kwanza tuangalie vmstat, amri inayoonyesha kama mashine imebanwa na prosesa au na diski. Hapo pana jambo ambalo wengi hulisahau: kwenye Linux, wastani wa mzigo hauhesabu tu wanaotumia au kungoja prosesa; unahesabu pia michakato iliyolala ikisubiri diski. Namba kubwa peke yake haikuambii ni ipi kati ya hizo. Safu ya r (wanaotumia au kungoja prosesa) ilikuwa juu, b (waliolala wakisubiri diski) karibu sifuri, wa (muda wa prosesa kuisubiri diski) hali kadhalika. Diski ilikuwa imetulia. Tatizo lilikuwa la prosesa.

Kwenye pg_stat_statements, ripoti ya mauzo haikuwa hata karibu na juu. Iliyoongoza, tena kwa mbali, ilikuwa kwiri fupi ya mstari mmoja: kuhesabu arifa ambazo mtumiaji hajasoma, ile namba ndogo nyekundu inayokaa kwenye kona ya ukurasa. Wastani wake ulikuwa kama milisekunde 10. Kwenye logi ya polepole isingetokea milele. Lakini kila ukurasa uliofunguliwa ulikuwa unaiita tena na tena, na haba na haba hujaza kibaba: kwiri ya milisekunde 10 ikiitwa mara 300 kwa sekunde inadai sekunde 3 za kazi katika kila sekunde moja, yaani prosesa tatu nzima zisizofanya kitu kingine chochote.

Baada ya hapo safu nyingine zilimaliza mjadala. shared_blks_read (bloku zisizokuwamo kwenye kache) ilikuwa ndogo mno na shared_blks_hit (zilizokutwa humo) kubwa ajabu, kwa hiyo data yote ilikuwa kwenye kumbukumbu na diski haikuhusika, sawasawa na vmstat ilivyosema. Nikagawanya bloku kwa idadi ya miito: kila mwito ulikuwa unapitia zaidi ya bloku elfu moja, na bloku moja ya PostgreSQL ni kilobaiti 8. Megabaiti nane kusomwa ili kurudisha namba moja! Jedwali lilikuwa linapekuliwa lote kila mara. Tukajenga faharasa ya sehemu, yenye arifa ambazo hazijasomwa tu, kwa CREATE INDEX CONCURRENTLY ili uandishi usisimame, na mzigo ukashuka tukiwa tunautazama. Ripoti ya mauzo iliendelea kuchukua muda ule ule, na hakuna aliyeilalamikia tena. Kuhusu ripoti yenyewe, temp_blks_written ilionyesha kwamba ilikuwa inamwaga upangaji wake kwenye diski, maana work_mem, kumbukumbu inayoruhusiwa kwa kazi kama hiyo, ilikuwa bado kwenye megabaiti 4 za chaguo-msingi. Hilo nalo tulilishughulikia, bila haraka.

Ninakipenda chombo hiki kwa dhati, na ndiyo maana kasoro zake naziandika wazi.

Ya kwanza ni kwamba hakina kumbukumbu ya jana. Hesabu zinapanda tu tangu ziliposafishwa kwa pg_stat_statements_reset(). Ukitaka kujua kilichotokea saa nne asubuhi, lazima uwe umenakili hesabu za pg_stat_statements kwenye jedwali lako kila baada ya dakika kadhaa, kisha uondoe hesabu za nakala ya awali kutoka kwenye za nakala ya baadaye. Mimi hufanya hivyo kwenye kila seva, na nashauri usisafishe hesabu ovyo, maana ukifuta unamfutia na mwenzako aliyekuwa anapima kitu kingine. Tangu toleo 17 kuna safu ya stats_since inayosema kila kwiri ilianza kuhesabiwa lini. Imechelewa, ila ni ahueni.

Majina ya safu nayo yanabadilika. Toleo 13 liligeuza total_time kuwa total_exec_time, na 17 likagusa majina ya muda wa kusoma bloku. Nusu ya maelekezo utakayokuta yameandikwa kwa majina ya zamani na yatakurudishia kosa. Na muda huo wa kusoma hautauona kabisa mpaka uwashe track_io_timing, ambayo kwa kawaida imezimwa. Pima kwanza kwa pg_test_timing kama mashine yako inasoma saa kwa wepesi, maana ukiiwasha saa itasomwa mara nyingi mno.

Kuna pia kikomo cha kwiri 5000 tofauti. Kinatosha vizuri, isipokuwa programu yako ikiwa inatunga orodha ndefu za IN zenye urefu tofauti kila mara. Kabla ya toleo 18 kila urefu ulihesabiwa kama kwiri mpya, na zisizotumika sana zikawa zinatupwa nje kimyakimya. Kuanzia 14 angalia dealloc, hesabu ya mara ambazo kwiri zimetupwa nje, kwenye pg_stat_statements_info. Ikiwa inapanda kwa kasi, ongeza kikomo.

Kufuli nazo hakizionyeshi. Kwiri iliyosimama ikingoja mwenzake aachie mstari inahesabiwa muda huo kana kwamba ilikuwa kazini, hivyo unaweza kuona UPDATE nyepesi yenye muda wa juu wa kutisha na usijue kwa nini. Dalili ni hizi: max_exec_time na stddev_exec_time ziko mbali sana na wastani, huku bloku zilizoguswa ni chache. Hapo unahamia pg_stat_activity, inayoonyesha kila muunganisho unafanya nini sasa hivi, unatazama wait_event_type (unasubiri nini), na pg_blocking_pids() inakutajia aliyeziba njia. Mara nyingi ni muunganisho uliokaa katika hali ya idle in transaction, muamala ulioachwa wazi na programu iliyokwenda kufanya mambo mengine.

Ukinilazimisha nilinganishe na pgBadger, ninayo yote mawili. pgBadger inasoma logi na kuchora grafu nzuri za kumwonyesha mkubwa wako, lakini inaona yale tu uliyoamuru yaandikwe, na kuandika kila kwiri kwenye logi ya seva iliyolemewa tayari ni kuizidishia mzigo.

Kasoro inayoniuma hasa nimeiacha mwisho. Kwiri iliyokatizwa haihesabiwi, kwa sababu hesabu inafanyika utekelezaji unapokamilika. Sasa fikiria seva yenye statement_timeout (kikomo cha muda wa kwiri moja) ya sekunde 30, mpangilio ambao ni wa busara: kwiri mbaya kuliko zote inakimbia sekunde 30, inauawa, programu inaijaribu tena, inauawa tena, prosesa zinaungua, na katika orodha yetu haimo. Kwa hiyo orodha ikionekana safi na mashine bado inahema, fungua logi utafute "canceling statement due to statement timeout" kabla ya jambo lingine lolote. Ningefurahi sana kuona toleo lijalo likiongeza safu moja tu kando ya calls, ya kuhesabu zilizokatizwa, pamoja na muda ziliokula kabla ya kukatizwa.