Vichwa vya treni vya OO: kipi ununue kwanza kwa reli ya mezani

Modeli mpya za treni za Uingereza katika kipimo cha 1:76, yaani OO, zinavutia zote dukani. Sura isikuhadae. Kwa mwenye reli ya kuzunguka juu ya meza, tumepanga vichwa hivi kwa mambo mawili: magurudumu mangapi yanachota umeme relini, na kona kali kiasi gani kinaipita.

1. Class 37. Kichwa halisi, cha dizeli, kilitengenezwa na kampuni ya English Electric, 1960 hadi 1965, jumla 309. Kampuni hiyohiyo iliwauzia East African Railways dizeli za daraja la 90, kwa hiyo kwa msomaji wa Nairobi au Mombasa huyu ni ndugu. Kina bogi mbili (fremu za magurudumu zinazogeuka kwenye kona) zenye ekseli tatu kila moja, hivyo magurudumu 12. Mawili yakikanyaga uchafu, kumi yanabaki na umeme. Urefu wa modeli ni kama sentimita 25, na kona ya nusu kipenyo cha milimita 438 hukipita bila shida. Hiki ndicho cha kuanzia.

2. Class 66. Kiliundwa Kanada, kikaanza kazi Uingereza 1998. Magurudumu ni 12 pia, ila sentimita 28 ni nyingi: kwenye kona ncha zake hutoka nje na kukwangua ukingo wa stesheni. Pima nafasi kwanza.

3. Class 08. Hiki ni cha kupanga mabehewa yadi, vilijengwa 996. Magurudumu ni sita tu, tena yamebanana. Kikifika mahali reli inapogawanyika, penye kipande cha plastiki, kinazima kikienda polepole. Wengi hulaumu mota, kumbe umeme umekatika. Chukua chenye kapasita ya akiba ndani, inayohifadhi umeme kidogo wa kukivusha.

4. Flying Scotsman. Kichwa halisi, cha mvuke, kilitoka kiwanda cha Doncaster 1923, kikafika maili 100 kwa saa mwaka 1934. Ni kizuri mno, lakini fito za magurudumu na nyaya za kuunganisha behewa la makaa huharibika upesi mikononi mwa anayeanza. Kama kona zako ziko chini ya milimita 438, kiache.

Kabla ya kulipa, omba kiendeshwe mbele na nyuma kwa mwendo wa chini kabisa. Kikiyumba, huenda ekseli imepinda. Kikilia "tik" kila mzunguko, angalia gia: huenda imepasuka au ina uchafu. Angalia pia soketi ya dikoda, yaani chipu inayopokea amri za kuendesha kidijitali: ya pini 8, ya 21 na Next18 hazibadilishani.

Nyumbani kizungushe nusu saa kila upande bila mabehewa. Oili ni tone la ncha ya sindano kwenye kila ekseli; ikizidi hushuka kwenye magurudumu, nayo yanateleza na kukusanya vumbi. Reli ifutwe kwa kitambaa chenye spiriti ya isopropili. Msasa usiuguse: mikwaruzo yake ndiyo inayoshika uchafu.